Kashata na Majirani Zake

Usiku wa kwanza mama mwenye nyumba alisema yule si paka, ni jini. Kesho yake mpangaji wa chumba cha mbele, kijana wa bodaboda, alisema ni tumbo linamsokota na dawa yake ni nusu kidonge cha maumivu. Baba wa watoto watatu, ambaye mlango wake unatazamana na wangu, aliwaza kichaa cha mbwa na akawakataza wanawe kupita karibu nami. Shangazi yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Pangani kutibiwa macho, alisikiliza kidogo, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Mwari wenu huyo anataka dume. Nanyi mmekaa mnamtazama."

Shangazi ndiye aliyelenga karibu, ingawa kwa habari ya dume tulikuja kubishana sana.

Tulikuwa Ngamiani, Tanga, katika nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za pale: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani kuna jiko, choo na kamba za kuanikia nguo. Kuta za ndani hazifiki kwenye bati, hivyo juu ya vichwa vyetu hewa ni moja na sauti ni moja. Mtu akikohoa chumba cha mwisho, wa chumba cha mbele anamwambia pole. Katika nyumba ya namna hiyo paka jike aliyeingia joto hawezi kuwa siri ya mwenye paka, hata akitaka.

Kashata alikuwa na miezi mitano hivi. Ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, na paka wa rangi tatu karibu siku zote ni jike. Kinasaba kinachoamua kama manyoya yatakuwa ya machungwa au meusi hukaa kwenye kromosomu ya X, na ili rangi zote mbili zionekane kwenye mwili mmoja sharti mnyama awe na X mbili. Kwa hiyo jinsia yake ilijulikana tangu alipoletwa ndani ya kikapu. Kilichowashangaza watu ni umri. Mchana alikuwa bado anakimbiza kizibo cha chupa chini ya cherehani yangu. Usiku akawa mtu mzima. Lakini ndivyo walivyo. Jike anaweza kuingia joto akiwa na miezi minne tu, na wengi huingia kabla hawajatimiza mwaka, mwili ungali haujamaliza kukua.

Kabla ya kelele kulikuwa na siku mbili tatu za mapenzi ya kupita kiasi. Alisugua mashavu kwenye miguu ya meza, kwenye pipa la maji, kwenye visigino vya kila aliyeingia. Akagaagaa sakafuni. Ukimpapasa mgongo karibu na mkia, alilaza kifua chini, akainua kiuno, akaupeleka mkia pembeni na kukanyagakanyaga kwa miguu ya nyuma kama aliyesimama juu ya kitu cha moto. Damu haikuonekana, na aliyewahi kufuga mbwa jike huingoja bure: paka haonyeshi hilo. Dagaa aliwala nusu, akawaacha. Kisha usiku, mnamo saa nane, akafungua kinywa.

Ile sauti haina uhusiano na nyau ya kuomba chakula. Ni nzito, inavutwa, inapanda na kushuka, na mtu aliyeamshwa nayo ghafla hawezi kulaumiwa kwa kuwaza majini. Mama mwenye nyumba alichoma ubani koridoni. Sikuona sababu ya kumzuia.

Kidonge nilikizuia. Kijana wa bodaboda alikileta mwenyewe, kwa moyo mzuri, amekikata nusu kwa kisu. Kilikuwa paracetamol. Kwa paka hiyo ni sumu, na nusu kidonge kinatosha kumuua. Ini lake limepungukiwa na kimeng'enya ambacho kwetu sisi huivunja dawa hiyo na kuitoa mwilini. Kwake mabaki yake huharibu damu isiweze kubeba hewa, ufizi ukageuka rangi ya udongo, uso na miguu ikavimba. Nilimweleza hayo tukiwa tumesimama mlangoni, naye akakitazama kile kipande kiganjani, akakimeza yeye. Ana vidonda vya tumbo, na vidonge vya kila namna haviishi mfukoni mwake.

Hofu ya kichaa ilistahili jibu la maana kuliko lile la ubani, kwa kuwa mnyama anayebadilika tabia ghafla ni jambo la kuangaliwa. Nilimwonyesha yule baba cheti cha chanjo, nikamwita amtazame Kashata kwa macho yake. Mnyama mwenye kichaa hushindwa kumeza, mate humtoka, hutembea kama aliyelewa au humrukia mtu bila kuchokozwa. Huyu alikuwa anakunywa maji vizuri na shida yake ilikuwa kutaka kushikwa zaidi, si kuuma. Nikamwambia pia kile ambacho kila mwenye watoto anapaswa kukijua, paka awe wangu au wa barabarani: mtoto akiumwa na mnyama, jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kusubiri kuona mnyama atakuwaje ndiko kunakoua watu.

Swali lililobaki lilikuwa la shangazi: je, anateseka? Alikuwa ameacha kulala kitandani, amekaa kwenye kigoda, anamtazama, na kila Kashata alipolia yeye alisema "maskini".

Nijuavyo ni kwamba maumivu ya kidonda hayapo. Homoni inayotoka kwenye vifuko vya mayai ndiyo inayompeleka mbio, na ile sauti ni tangazo: madume wa mitaa mingine walisikie. Hatulii, hali vizuri, halali vizuri, na hilo si raha. Lakini kumwita mgonjwa ni kumpeleka kwenye dawa zisizo zake. Kuna jambo la paka ambalo watu wengi hawalijui, nami nadhani bila hilo huwezi kuelewa kwa nini kelele zile hazikomi. Mayai ya paka hayatoki yenyewe kwa tarehe. Yanangoja apandwe. Uume wa dume una miiba midogo midogo, na mchomo wake ndio unaopeleka habari ubongoni. Ubongo huachilia homoni, na baada ya siku moja au mbili mayai hutoka. Mara nyingi kupandwa mara moja hakutoshi. Asipopandwa, mayai hayatoki, joto linapoa baada ya siku kadhaa, kwa kawaida kama wiki, na wiki mbili tatu baadaye linaanza upya.

"Si litapita?" mama mwenye nyumba aliuliza. Litapita, nikamwambia, na kabla hujasahau litarudi.

Kwa wenzetu wa Ulaya walau kuna mapumziko. Paka hufuata mwanga: siku zikiwa fupi wakati wa baridi, giza refu hulifanya tezi moja ndogo la ubongoni litoe melatonini nyingi, na uzazi hulala hadi mchana urefuke tena. Ndiyo maana vitabu vya kule husema habari za msimu. Sisi Tanga tuko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja. Giza la kumwambia Kashata apumzike halipo. Msimu wake ni Januari hadi Desemba.

Niliamua kumfungia chumbani mpaka lipite, na hapo ndipo babu wa chumba cha kona aliponiita.

"Mwanangu, habari ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka unaijua?"

"Naijua, babu. Alimfungia asimlishe, asimnyweshe, wala hakumwacha akajitafutia wadudu wa ardhini. Huyu wangu anakula dagaa kuliko mimi."

Babu alicheka, ila alitaka kuona. Akaingia, akakagua maji, akakagua beseni lenye mchanga, akauliza nimeziba dirisha kwa nini. Nilikuwa nimepigilia wavu wa kuku kwenye fremu, kwa sababu nondo za dirisha hazimzuii paka na wavu wa mbu anauchana kwa kucha mbili. Jike aliye kwenye joto hupita mahali ambapo siku nyingine asingeweka hata kichwa. Babu akaridhika. Nadhani alikuwa na haki ya kuja kukagua, maana chumba kilikuwa na joto kali na bati letu halina dari. Mchana ilibidi nimwekee kitambaa chenye maji akilalie na kubadilisha maji ya bakuli kila mara.

Kumtunza katika siku hizo ni kazi isiyo na ufundi mkubwa, na kwa sehemu kubwa ni kuvumilia. Nilimshika kichwani na shingoni, si mgongoni chini, maana huko ndiko kunakomchochea. Jioni nilimchezesha mpaka achoke: uzi wa cherehani wenye kipande cha kitambaa mwishoni, huku na huku, nusu saa, saa nzima (mchezo ukiisha uzi nilikuwa naufungia kabatini, kwani paka akiumeza unamkata utumbo). Chakula nilimpa kidogo kidogo, vibua vilivyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Mchanga niliutoa mara nyingi kuliko kawaida, kwa kuwa jike naye huanza kukojoa ovyo, kwenye ukuta, kwenye nguo, akiacha harufu yake kila mahali. Kumpigia kelele hakukuwa na faida. Kijana wa bodaboda alijaribu kumwagia maji kupitia juu ya ukuta, na alichopata ni mimi kulia pamoja na paka.

Nje ya mlango kulikuwa na kazi nyingine. Madume walikuja. Sijui mtaa wetu una madume wangapi mchana. Usiku bati lilikuwa lao. Mkubwa wao tulimjua, ni wa babu, shume la rangi ya majivu linaloitwa Jemadari, lenye sikio moja lililochanika na mashavu mapana. Walipigana juu ya vyumba vyetu, wakakojolea mlango wangu, wakakojolea pikipiki. Mkojo wa dume haushindwi na sabuni peke yake. Nilipangusa kwa maji na siki kisha nikaacha jua lifanye kazi yake. Dawa kali za chooni zenye harufu ya amonia hazifai hapo, maana kwa pua ya paka zinafanana na mkojo wenyewe na zinamwalika arudi kuongeza. Na vile vita si vichekesho. Jino la paka huacha tundu dogo linalofunga haraka na kuacha usaha ndani, na kwa mate hayo hayo hupita virusi vinavyoua kinga ya mwili wa paka. Haviambukizi binadamu, lakini paka aliyevipata havimtoki.

Sasa ubishi wetu. Shangazi alisema mwacheni atoke, azae walau mara moja, kila jike anahitaji kuzaa ndipo atulie. Niliheshimu hilo kwa kuwa ametoka nalo mbali, na kwa kuwa si yeye peke yake anayelisema. Lakini ni imani ya watu, haipo kwenye mwili wa paka. Kuzaa mara moja hakumtulizi. Mimba yake ni ya siku sitini na tatu hadi sitini na tano, na anaweza kuingia joto tena wiki chache baada ya kujifungua, wengine wakiwa bado wananyonyesha. Kwa mwanga wetu usiopungua, jike mmoja anaweza kuzaa mara tatu kwa mwaka, watoto wanne wanne au zaidi. Hata baba hajulikani, maana akipandwa na madume wawili, uzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili.

"Kisha watoto hao tunawapeleka wapi, shangazi?"

Hakujibu. Sote tunajua wanakopelekwa. Ukienda kununua samaki utawakuta karibu na meza za wachuuzi, kwenye boksi, mara nyingine kwenye kiroba kilichofungwa. Aliyewaweka pale si mkatili kuliko sisi. Alikuwa na moyo laini miezi miwili kabla, alipoufungua mlango.

Mama mwenye nyumba alikuja na njia ya tatu. Ana binti anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kwa nini paka asipewe? Homoni za namna hiyo humzimia paka joto, ni kweli, na zamani zilitumika sana. Lakini kwa paka zinaongeza hatari ya usaha kujaa kwenye kizazi na uvimbe kuota kwenye matiti, na uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni saratani. Kidonge cha binadamu kilichopimwa kwa mwili wa mwanamke wa kilo sitini, kwa mnyama asiyefika kilo tatu, sikitaki chumbani mwangu.

Nilipompigia daktari wa mifugo, kijana aliyesoma Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, maswali yake yalikuwa makavu. Joto limeanza lini. Ametoka nje hata mara moja? Anakula? Ana chanjo? Kutoka kwenye uke kuna majimaji yenye harufu? Hakuuliza kama ana huzuni wala kama ana mapepo. Nilifurahi sana na ule ukavu. Tangu kuanza kwa kelele kila mtu alikuwa amempa Kashata shida ya kwake: mwenye vidonda vya tumbo alimwona na tumbo, mwenye watoto watatu akaona hatari kwa watoto, mama mwenye nyumba, ambaye mjukuu wake alikuwa ameugua degedege mwezi ule, akasikia majini. Mimi nilisikia usingizi wangu unaibwa. Paka mwenyewe alikuwa anasema jambo moja tu, na daktari ndiye aliyemuuliza kuhusu hilo.

Alipendelea tungoje joto lipoe ndipo ahasiwe. Upasuaji unawezekana hata katikati, lakini wakati huo mishipa ya kizazi imejaa damu na kazi inakuwa nzito. Tukapanga siku kabla halijarudi. Mwalimu wa madrasa, ambaye niliwahi kumuuliza, aliniambia wanazuoni hawako pamoja katika jambo hili: wapo wanaolikataa kwa kuwa ni kubadili maumbile, na wapo wanaoliruhusu palipo na manufaa na pasipo na madhara kwa mnyama. Nikafuata hao wa pili, nikiwa na lile boksi la sokoni mbele ya macho yangu.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kueleza, kwa sababu nilibaki nje kwenye benchi. Jioni ya kuamkia siku hiyo hakula, kwani mnyama akitapika ndani ya usingizi wa dawa anaweza kupaliwa akafa. Aliondolewa kizazi na vifuko vya mayai, akarudi amelegea, kope ziko nusu, na mshono mfupi tumboni. Ile kola ya plastiki ya kuvaa shingoni haikupatikana, hivyo nilikata mkono wa fulana ya zamani, nikautoboa matundu manne ya miguu, nikamvika asilambe nyuzi. Alitembea kinyumenyume chumba kizima akijaribu kuivua. Watoto wa jirani, ambao sasa waliruhusiwa, walikuja kumwangalia kwa zamu.

Shangazi alimshonea fulana ya pili kwa mkono, macho yake yakiwa bado yana dawa. Aliposhona aliuliza bila kuniangalia, "Kwa hiyo huyu hatazaa kabisa?"

Hatazaa, shangazi.

Akavuta uzi. Shangazi hakujaaliwa mtoto, na katika ukoo wetu habari hiyo imezungumzwa mbele yake zaidi ya inavyostahili. Nilingoja aseme lingine. Aliukata uzi kwa meno, akamvika Kashata, akapima kiunoni, akasema inambana, akaifumua na kuanza upya.

Nyuzi zilitolewa baada ya siku kumi na ushei. Korido ikawa tulivu, ila si bati. Madume walikuwa wameizoea njia, na Jemadari aliendelea kuja kukojolea pikipiki kana kwamba ana mkataba nayo. Ndipo jioni moja uani, wanaume wakiwa kwenye mkeka wa kahawa, niliposema kwamba dume naye anahasiwa, na kwamba kwake ni rahisi kuliko kwa jike. Tumbo halifunguliwi, ni dakika chache na jioni anarudi nyumbani. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, kupigana na kukojolea milango ya watu.

Kijana wa bodaboda, ambaye alikuwa ameusifia upasuaji wa Kashata kwa wiki nzima, alikunja miguu. Baba wa watoto watatu alisema mnyama dume ana haki zake. Babu alimtazama Jemadari, aliyekuwa amejilaza juu ya ukuta akilamba kidonda kipya, akasema kwa upole kwamba jambo kama hilo linataka kikao cha wazee.

"Kikao kimeshakaa," shangazi akasema toka jikoni. "Na nauli ya pikipiki natoa mimi."